Barua kwa mnaokabidhi ofisi: kubalini kuwa makuruta tena

Ndugu zangu mnaostaafu mwaka huu,

Salaam. Nawaandikia ninyi mliofikisha miaka 60 na sasa mnakabidhi ofisi: wa halmashauri, wa wizara, walimu wakuu, maafisa utumishi. Habari za kiinua mgongo mtaambiwa na wengi, na naamini wenye viwanja vya kuuza wameshaanza kuwapigia hodi. Mimi shida yangu ni miguu yenu: nataka mwanze kukimbia.

Mtu aliyezoea kufunguliwa mlango wa gari hasumbuliwi sana na umri. Kinachomsumbua ni kwamba hajafundishwa jambo jipya na aliye mdogo kwake kwa miaka mingi, na sasa hataki kuonekana hajui. Ndiyo maana anakaa barazani, anangoja presha na sukari.

Sisi tuliojifunza ukuruta tulijifunza kwa lazima. Mwishoni mwa 1978 majeshi ya Idi Amin yalivuka mpaka, yakaikalia ardhi yetu Kagera, na Novemba 2 Mwalimu akatangaza kwamba tutampiga. Wanamgambo tukachanganywa na jeshi, polisi na magereza. Mafunzo yalikuwa mafupi. Mengine tulifundishwa na njia, na njia yenyewe wengi wetu tuliikanyaga kwa miguu: Kyaka, Mutukula, Masaka, mpaka Kampala ikaanguka Aprili 11, 1979. Kule hakuna aliyekuuliza kwenu ulikuwa nani. Karani alibeba mzigo sawa na mvuvi, na wote walimwitikia afande ambaye pengine alikuwa mdogo kwao. Baada ya vita wengi tulirudi uraiani. Mimi nikaingia utumishi, halmashauri ziliporudishwa 1984 nikahamia huko, na huko nikazeekea kwenye mafaili.

Mbio nimezianza nikiwa nimeshaitwa babu. Aliyenifundisha ni kijana wa klabu ya jogging ya mtaani kwetu, umri wa mwanangu wa mwisho. Aliniambia nitembee tu, wiki baada ya wiki, kisha nichanganye: kukimbia kidogo, kutembea kidogo. Nilipotaka kuonyesha ujeshi wangu alinikata kauli: "Mzee, ukishindwa kuongea huku unakimbia, umezidisha." Nikatii. Nanyi tiini. Kabla ya hapo pimeni presha, sukari na moyo hospitali, maana mchakamchaka wa ujanani si cheti cha afya ya leo.

Halafu kuna aibu ya kushika mkia. Hii ndiyo inayowarudisha wakubwa nyumbani, nimeiona mara nyingi. Hapo huwa namtaja John Stephen Akhwari wa Mbulu, aliyeanguka kwenye marathoni ya Olimpiki Mexico City 1968, akaingia uwanjani wa mwisho kabisa, goti limefungwa bendeji, zaidi ya saa nzima baada ya Mamo Wolde wa Ethiopia kushinda. Kila mtu anaijua picha ile. Wasichokijua wengi ni kwamba miaka miwili baadaye, kwenye Michezo ya Jumuiya ya Madola kule Edinburgh, alikuwa wa tano. Aliyeshika mkia alikuwa mkimbiaji hodari. Wewe wa juzi unaona haya ya nini?

Alikuwapo pia Fauja Singh, mkulima wa Punjab aliyehamia London, akaanza marathoni akiwa na miaka 89 kwa hesabu yake, na mwaka 2011 akamaliza ya Toronto akihesabiwa miaka 100. Wale wa kitabu cha rekodi cha Guinness hawakuiandika rekodi ile kwa kuwa hakuwa na cheti cha kuzaliwa. Nilicheka niliposikia, maana wangapi kati yetu tarehe ya kuzaliwa tuliandikiwa na karani kwa kukadiria? Miguu haiulizi cheti.

Kina mama, mtasikia maneno ya majirani. Vaeni mnachokistahi, hata khanga juu ya traksuti, mkimbie kwa kundi.

Wenye hamu ya Kilimanjaro Marathon hapa Moshi, msianze na kilomita 21. Ile njia inapanda kuelekea Mweka, na vijana hudhani kupanda ndiko kugumu. Kwa mzee kazi iko kwenye kushuka: mapaja na magoti yanalipa kila hatua. Mwaka wa kwanza zile kilomita 5 zinatosha, pamoja na watoto na mabango. Najua meneja wa zamani hapendi kupigwa picha kati ya watoto. Apigwe tu.

Raba za mitumba zinafaa zikiwa na soli nzima na zisibane vidole. Ondokeni alfajiri, ila si gizani kabisa. Kimbilieni upande wa kulia wa barabara mkiangalia magari yanayowajia, na bodaboda msiiamini upande wowote. Mfukoni wekeni kitambulisho na namba ya simu ya mtu wa nyumbani, na huyo mtu ajue mmepita njia gani. Siku goti likiuma, pumzikeni bila kuomba ruhusa. Barua za likizo zimekwisha.

Mzee wenu,
Moshi