Barua kwa mama mkubwa: usimwachishe lutuku kwa siku moja

Mama mkubwa,

Siku ile ya kilio uliniuliza swali mbele za watu, kisha kwaya ikaanza kabla sijafungua mdomo. Ulisema: "Huko kituoni kwenu walevi wanapewa kitanda na serumu (dripu), sisi wenye malaria tunakaa kwenye benchi. Mlevi aache pombe kwanza, ndipo aende kwa munganga (daktari)." Akina mama wawili waliokaa pembeni yako wakaitikia kwa kichwa, na mmoja wao najua mwanawe hushinda wapi kila jioni.

Nakujibu hadharani kwa sababu swali hilo si lako peke yako. Hapa Lubumbashi linaulizwa Katuba, linaulizwa mtaa wa Kenya, linaulizwa Ruashi. Nimeondoa yote yanayoweza kumfanya mtu wa nje atambue ninamsema nani. Wa nyumbani watajijua.

Usidhani nitakuhubiria. Mimi nimesomea uuguzi kwa pesa ya lutuku, pombe yetu kali ya kienyeji. Baba mkubwa aliporudishwa nyumbani na kampuni, ni lile pipa lako la nyuma ya nyumba, na mahindi na muhogo uliokuwa ukivundika humo, vilivyonilipia ada na kuninunulia sare nyeupe. Nimekula bukari (ugali) iliyotoka kwenye pipa lile, nitalitukanaje leo? Nataka tu kukueleza kwa nini sisi tuliacha kumwambia mlevi "acha kwanza".

Mwaka mmoja nyuma kituo chetu cha afya kilikuwa na njia mbili. Mwenye kikohozi anapewa dawa ya kikohozi, na akinuka pombe anakemewa. Mwenye kutetemeka mikono, au anayeona vitu ambavyo wengine hawavioni, anaambiwa hiyo ni kazi ya Guislain, hospitali ya wagonjwa wa akili. Huko kuna nauli, halafu kuna aibu, maana nani anataka jirani amwone akishuka mbele ya geti lile? Basi wengi hawakwenda kokote. Ini lilikuwa na munganga wake na kichwa kilikuwa na munganga wake, nao hawajuani, na mwenye ini na kichwa alikuwa amelala nyumbani.

Sasa fishi (karatasi ya mgonjwa) ni moja, chumba ni kimoja, na muuguzi anayekupima presha ndiye anayekuuliza habari za pombe. Tunamuuliza kila mtu mzima, awe amekuja na kidonda au na mimba. Tunatumia maswali kumi ya Shirika la Afya Duniani yanayoitwa AUDIT. Yalitungwa miaka ya 1980 kutokana na utafiti uliofanyika katika nchi sita, Kenya ikiwemo (Kenya ya Nairobi, mama, si Kenya yetu ya sokoni). Unakunywa mara ngapi? Ukikaa kunywa, ni glasi ngapi? Imewahi kukulazimu kunywa asubuhi ili uweze kuanza siku? Kuna ndugu au munganga aliyekuambia upunguze? Alama za juu kabisa ni 40. Kuanzia 8 tunakaa tunazungumza. Ikifika 20 tunahofia kwamba mwili umeshaitegemea pombe.

Ungeona wanaofika 20 ungeshangaa. Yule anayelala kwenye mtaro yumo, lakini wamo pia wenye tai na Biblia kwapani. Kinachowapoteza watu ni hesabu yenyewe. Mtu anasema "nakunywa moja tu", na moja yake ni chupa kubwa ya bia ya Simba, ambayo, tukihesabu gramu kumi za alkoholi kuwa kinywaji kimoja, ni vinywaji viwili hadi vitatu. Lutuku ndiyo ngumu zaidi kupima, maana haina karatasi ya kuonyesha nguvu yake. Wewe mwenyewe unajua pipa la Jumatatu na pipa la Alhamisi hayafanani. Na tukiwa hapo hapo: mtu yeyote akija kukuuzia spiriti ya kiwandani uongezee kwenye pipa ili likolee, mfukuze. Humo mnaweza kuwa na methanoli, alkoholi yenye sumu, nayo inaua mshipa wa fahamu wa macho. Mteja akikuambia anaona ukungu baada ya kunywa, usingoje asubuhi, apelekwe hospitali ya Sendwe usiku huo huo.

Sasa nije kwenye lile lililonifanya nishike kalamu. Nimesikia mnapanga kumfungia mdogo wangu kwenye chumba cha maombi, siku tatu, bila chakula na bila maji, mpaka pombe imtoke.

Mama, hebu nikueleze kinachotokea ndani ya kichwa chake. Pombe hupooza ubongo. Ubongo ukipoozwa kila siku kwa miaka, unajifunza kujikaza ili mtu aendelee kutembea na kusema. Ukiiondoa pombe ghafla, ubongo unabaki umejikaza bila kitu cha kuuzuia, kama mtu aliyekuwa akisukuma mlango kwa nguvu zote halafu wa upande wa pili akauachia. Saa chache baada ya glasi ya mwisho mikono inatetemeka, jasho linatoka, moyo unakwenda mbio. Kati ya saa ya sita na ya 48 anaweza kuanguka kifafa, hata kama hajawahi kuwa na kifafa maishani. Siku ya pili au ya tatu wengine wanaanza kuwaona watu ukutani, kuhisi wadudu wanatambaa mwilini, hawajui wako wapi, na homa inapanda. Hali hiyo isipotibiwa inaweza kuua.

Sasa ihesabu na ratiba ya chumba cha maombi. Siku ya pili anaanguka, povu mdomoni. Siku ya tatu anapiga kelele na kuzungumza na wasioonekana. Pale ndani wanasema pepo linatoka, wanaongeza sauti, na nje familia inashukuru. Wapo walioletwa kwetu wakitoka katika vyumba hivyo, wamekauka midomo, hawajui majina yao. Sibishani na maombi. Mimi mwenyewe ninaomba. Kuna mchungaji jirani na kituo ambaye siku hizi anatuletea mtu kabla ya mfungo, sisi tunamtuliza kwa dawa, yeye anakuja kumwombea kitandani. Mnaweza kuomba huku ndugu yenu anakunywa maji.

Tunamtulizaje? Kwa diazepamu, ile mnayoiita Valium. Anaanza na kipimo kinachomaliza tetemeko, kisha tunapunguza siku hadi siku, na baada ya siku chache imekwisha. Najua jibu lako: "Mnamtoa kwenye lutuku mnamtia kwenye Valium." Hofu hiyo ni ya haki, dawa hiyo nayo inazoesha. Ndiyo maana hatumpi pakiti aende nayo. Anameza mbele yetu, au ndugu mmoja wa nyumbani anakabidhiwa vidonge vya siku hiyo tu. Aliyewahi kuanguka kifafa akiacha pombe, au mwenye homa na kuchanganyikiwa, hatumshiki sisi; anapelekwa hospitali.

Kuna sindano nyingine ambayo watu hawaijui, na mimi ndiyo ninayoipenda: vitamini B1. Mnywaji mkubwa hali vizuri, na pombe inazuia utumbo kuipokea hata ile kidogo anayokula. Mwili unaihitaji ili kuchoma sukari. Mtu wa hivyo akiletwa amelegea, mkimwekea serumu ya sukari kabla ya B1, akiba iliyobaki inaweza kuisha na ubongo ukaharibika: macho yanakataa kwenda pembeni, miguu inayumba hata bila pombe, akili inachafuka. Anaweza kupona mwili halafu asikumbuke jioni alichoambiwa asubuhi. Kwa hiyo B1 kwanza, serumu baadaye. Ukimpeleka mtu mahali pengine, uliza swali hilo bila woga, uliza tu: amepata B1?

Nikuambie na lile la kifua kikuu, maana wachimbaji wengi wanaorudi kutoka Kolwezi na Likasi wanarudi na vyote viwili, vumbi kifuani na chupa mfukoni. Mnywaji mkubwa yuko katika hatari ya kifua kikuu karibu mara tatu kuliko mwingine. Dawa ni za bure, matibabu ya kawaida ni miezi sita: dawa nne kwa miezi miwili, kisha mbili kwa minne. Zamani tulikuwa na sentensi moja ya ukali: "Ukinywa pombe usichanganye na dawa hizi." Watu walitutii. Siku ya kunywa waliacha vidonge, na kwa kuwa siku za kunywa zilikuwa nyingi, vidonge vilibaki kwenye kabati na kikohozi kikarudi kikiwa kigumu zaidi. Sasa tunasema: ukinywa, meza hivyo hivyo, kisha kesho njoo unionyeshe macho. Ni kweli isoniazidi, mojawapo ya dawa hizo, na pombe vyote vinaligonga ini, kwa hiyo tunaangalia manjano ya macho, kutapika, mkojo wa rangi ya chai. Lakini dozi hairukwi. Na mwenye dawa za virusi vya UKIMWI tunamwambia vivyo hivyo, asiruke kwa sababu ya glasi.

Wazo la kumweka mtu mahali pamoja kwa magonjwa yake yote hatukulibuni sisi. Dar es Salaam, hospitali ya Muhimbili ilianza mwaka 2011 kuwapa methadoni wanaotumia heroini. Mtu anakuja kila siku, anakunywa dozi yake mbele ya mhudumu, na kwa kuwa yuko hapo kila siku, kumpima kifua kikuu na kumpa dawa za virusi kunakuwa rahisi. Kwa pombe hakuna dawa kama hiyo ya kushika nafasi yake. Naltreksoni na akamprosati, zinazosaidia mtu asirudie, ziliingia mwaka 2023 kwenye orodha ya dawa muhimu ya Shirika la Afya Duniani. Kwenye kabati letu hazijaingia. Tunachotumia baada ya zile siku za kwanza ni maneno, kiti, wareko (wahudumu wa afya wa mtaani) wanaopita nyumbani, na tarehe ya kurudi iliyoandikwa kwenye fishi.

Usifikiri mwaka ulikuwa mtamu. Diazepamu ilikwisha mara kwa mara na tukalazimika kuwapeleka watu mbali. Wengine walipotea mara tu waliposikia kuna kazi ya kuchimba mahali. Vijana wanaolewa tramadoli, ile dawa ya maumivu, hatujawaweza. Wanaingia, wanatuangalia, wanatoka. Wanawake wanakunywa kwa siri na hawaji kwa ajili ya pombe. Tunawapata kwenye kliniki ya wajawazito, na hapo lazima uulize mume akiwa nje. Na wengi walioacha walirudia. Akirudia tunampima presha, tunamuuliza yale maswali kumi tena.

Kuhusu benchi: mtoto mwenye homa anaingia kabla ya mtu yeyote, mlevi au askofu. Ukiona amepitwa, niite mimi kwa jina. Na kile kitanda walikilalia walevi hata zamani, mama, wakitapika damu au wamevunjika mguu, isipokuwa tulikuwa tunawashona na kuwarudisha kwenye kiti kile kile walichoangukia.

Mdogo wangu anatetemeka kila asubuhi mpaka apate glasi ya kwanza, na glasi hiyo anaipata kwako. Najua unaimimina ukilia. Naomba usimnyime ghafla wiki hii, na asianze mfungo wowote. Apunguze kidogo, ale bukari hata kama hana hamu, anywe maji. Wale wateja wako wa alfajiri pia, wanaoshika glasi kwa mikono miwili ili isimwagike, nitumie majina yao kwa siri au waambie wenyewe waje. Hao ndio ninaowaogopea kuliko wale wa jioni wanaopiga kelele.

Jumanne asubuhi niko zamu. Mlete na vidonge vyote alivyo navyo nyumbani, hata vya zamani. Mlangoni watakapomuuliza, aseme amekuja kupimwa presha, na si uongo, maana presha anayo. Wewe kaa kwenye benchi nje hadi nikuite, na tafadhali usimsemee.

Mwanao wa kituoni