Salamu za Krismasi na Mwaka Mpya kwa wanasheria wetu vijana

Wadogo zangu, mlioapishwa na mnaosubiri kuapishwa, nawasalimu nyote. Mahakama ziko likizo tangu tarehe 15, stendi zimefurika, na ada za Januari zinabisha hodi hata pilau halijaiva. Mwaka umekuwa mgumu, tusidanganyane. Tumshukuru Mungu tumeufikisha ukingoni.

Wengi wenu mnautaka uongozi. Si vibaya. Ila itazameni vizuri njia aliyopita Mzee Pius Msekwa wa Ukerewe. Alikuwa Katibu wa Bunge miaka ya 1960. Chuo Kikuu cha Dar es Salaam kilipoanza kujitegemea Julai 1970, ndiye akawa Makamu Mkuu wake wa kwanza. Mwaka uliofuata tu pale chuoni Mlimani kukawaka moto, kiongozi wa wanafunzi akafukuzwa, FFU, polisi wa kutuliza ghasia, wakaingia. Alikaa hadi 1977. Uspika aliushika 1994 hadi 2005, vyama vingi vikiwa bado vichanga.

Watu hukitaja kiti cha Spika. Mimi naitaja meza ya makatibu wa Bunge iliyo mbele yake. Muswada husomwa mara ya kwanza, huenda kamati, hurudi kusomwa mara ya pili, hupitiwa kifungu kwa kifungu kwenye Kamati ya Bunge Zima, ndipo usomwe mara ya tatu. Wanaojua umefika wapi na rekebisho lipi limeingia ni watu wa mezani. Namba ya kifungu ikikosewa pale, nchi nzima italibeba kosa hilo. Msekwa aliijua meza kabla ya kiti.

Kwetu meza ni hati. Mnakumbuka 2022: kati ya wanafunzi 633 wa mkupuo mmoja pale Taasisi ya Uanasheria kwa Vitendo, wanakopikwa mawakili, waliofaulu moja kwa moja walikuwa 26, hadi ikaundwa kamati ya Dk. Mwakyembe, waziri wa zamani wa sheria, kuchunguza sababu. Lawama zilirushwa kila upande. Lakini shikeni hati ya madai ya mwanafunzi yeyote muone: kurasa za uchungu wa mteja, na hakuna aya inayosema chanzo cha madai kilitokea lini, thamani yake ni kiasi gani, wala kwa nini mahakama hiyo ina mamlaka. Uthibitisho wa mwisho, pale mdai anapokiri kuwa aya zake ni za kweli, umenakiliwa kutoka kesi nyingine, aya hazilingani. Pingamizi la awali likija, yaani hoja ya kutaka kesi itupwe kabla haijasikilizwa, jibu hamna.

Mwaka huu tumemzika karani wetu wa masjala, aliyejua kila jalada lilipo bila kufungua daftari. Mpaka leo kitoroli kikipita koridoni nageuka kumtazama.

Basi someni Kanuni za mahakama, vijana! Acheni kukimbilia vipaza sauti. Andikeni tarehe, hesabuni siku: taarifa ya rufaa kwenda Mahakama ya Rufani ni siku 30, na mahakama haitapokea machozi siku ya 31. Anayetaka kuongoza chuo au wizara aanze kwa kutopoteza jalada la mjane.

Na leseni zenu za uwakili zinakwisha Desemba 31. Huisheni mapema, hati iliyosainiwa bila leseni hai inaweza kutupwa, na anayeumia ni mteja aliyekwishalipa.

Nawatakia Krismasi njema na Mwaka Mpya wenye heri, afya na baraka tele, ninyi na familia zenu. Tuonane Siku ya Sheria, Februari.