Moyo "wa ukoo": wapimeni waliobaki

Ndugu Mhariri,

Naomba nafasi katika safu yako ya barua nizungumzie neno lisilokosekana msibani pale mtu wa miaka 40 na kitu anapoanguka ghafla na kufariki kwa moyo: "Kwao ndivyo walivyo, ni ugonjwa wa ukoo." Likishasemwa hilo, mazungumzo yameisha. Watu wanazika, wanaanua matanga, wanatawanyika, na hakuna aliyewaambia ndugu na watoto wa marehemu wakapime damu. Kama kweli ni ugonjwa wa ukoo, basi waliobaki ndio hasa wanaohitaji kipimo.

Ukoo hurithisha vitu viwili kwa mpigo. Kuna jeni, ambazo mtoto huzipata kwa baba na mama siku mimba inapotungwa. Na kuna jiko: mkono wa chumvi wa bibi, mafuta ya kukaangia, tui zito, chai na maandazi kila asubuhi. Baba na mwanawe wote wakiwa na presha, huenda wamerithishana jeni, huenda wamekula chungu kimoja miaka 30, na mara nyingi ni vyote viwili. Tusipovitenganisha, tutamkataza mayai mtu anayehitaji dawa, na tutamwandikia dawa mtu ambaye angepona kwa kubadilisha sufuria.

Nguvu ya jiko peke yake tunaijua kutoka hapa hapa kwetu. Utafiti uliochapishwa mwaka 1990 uliwafuatilia Waluo waliohama vijijini magharibi mwa Kenya kwenda Nairobi, wakalinganishwa na wenzao waliobaki nyumbani. Kabila ni lile lile, lakini presha za waliohama zilipanda ndani ya miezi ya mwanzo tu ya kuishi mjini, na mkojo wao ukaonyesha sodiamu (madini yaliyomo kwenye chumvi) iliyoongezeka na potasiamu (madini ya mboga na ndizi) iliyopungua. Jeni hazibadiliki kwa miezi. Mwaka 2025 yakatoka matokeo ya Kilimanjaro, ambako wanaume 77 wenye afya walishiriki: waliotolewa kwenye vyakula vya asili vya ndizi, maharage na mboga wakapewa vya kizungu walionyesha katika damu viashiria vya inflamesheni, ile hali ya kinga ya mwili kufanya kazi kama vile kuna kidonda. Wiki mbili tu zilitosha.

Nianze basi na jiko, na kwanza chumvi. Shirika la Afya Duniani linataka mtu mzima asifikishe gramu 5 kwa siku, yaani kijiko kimoja cha chai kilichosawazishwa, ikihesabiwa pamoja na iliyomo kwenye mkate na vitafunwa. Hakuna mpishi anayepima kijiko kila siku, kwa hiyo tumia njia hii: siku unayofungua pakiti ya chumvi ya nusu kilo, andika tarehe juu yake kwa kalamu. Nyumba ya watu watano, kwa gramu 5 kila mmoja, hutumia gramu 25 kwa siku. Pakiti hiyo inapaswa kukaa siku 20, na kama kuna watoto wadogo ikae zaidi. Ikiisha siku ya kumi, kila mmoja wenu anakula maradufu, na hapo hujahesabu vipakiti vya viungo vya mchuzi na vidonge vya supu, ambavyo sehemu kubwa ni chumvi. Ukitia kimoja, usitie chumvi nyingine. Mboga za majani, maharage, ndizi na viazi vitamu huleta potasiamu inayosaidia figo kuitoa sodiamu. Isipokuwa mgonjwa wa figo: huyo asiongeze potasiamu, wala asiguse zile chumvi mbadala, bila kauli ya daktari wake, kwa sababu potasiamu ikizidi kwenye damu inaweza kuusimamisha moyo.

Kisha mafuta. Lita moja ina gramu 920 hivi. Watu watano wakiimaliza kwa siku tatu, kila mmoja amekula gramu 61 kwa siku. Kama ni mawese, karibu nusu yake ni mafuta yaliyoshiba, yale yanayopandisha LDL, lehemu mbaya ambayo wengi tunaiita kolestro. Hapo pana gramu 30, wakati kikomo cha mtu anayekula kalori 2,000 ni kama gramu 22, na bado hajagusa nyama wala maziwa. Lita hiyo hiyo ikikaa wiki nzima, inabaki gramu 13 za mafuta yaliyoshiba kwa kila mmoja kwa siku. Ikiwa ni alizeti, hata ile ya siku tatu haifikishi gramu 7. Ndiyo maana kubadili aina ya mafuta na kupunguza kiasi hufanya kazi kubwa kuliko kumnyima mtu yai lake moja. Mnunuzi awe macho pia: mawese yaliyosafishwa huganda baridi ikiwa kali, alizeti hubaki maji. Chupa iliyoandikwa alizeti ikiamka imeganda nusu asubuhi ya Njombe, uliza imechanganywa na nini. Mafuta ya mgando ya kwenye kopo, yawe yamegandishwa kiwandani kwa haidrojeni au ni mawese magumu tu, si rafiki wa moyo kwa njia yoyote ile.

Wenzangu wa pwani wasinielewe vibaya kuhusu nazi. Zaidi ya asilimia 80 ya mafuta yake yameshiba, hilo halina ubishi, lakini samaki wa kupaka hajapigwa marufuku. Tui la kwanza liwekwe kwa siku moja ya wiki, siku nyingine mchuzi upikwe kwa tui la pili.

Sasa upande wa jeni, ambako ndiko tunakopoteza watu tungeweza kuwaokoa. Kazi ya kuondoa LDL kwenye damu ni ya ini. Juu ya seli zake kuna vipokezi vinavyoidaka LDL inapopita na kuivuta ndani. Michael Brown na Joseph Goldstein walipewa tuzo ya Nobel mwaka 1985 kwa kugundua mambo haya. Aliyerithi jeni mbovu ya vipokezi hivyo kutoka kwa mzazi mmoja ana nusu tu ya vipokezi vinavyofanya kazi, tangu yuko tumboni. LDL yake hupanda mara mbili au zaidi ya mwenzake, hata kama maisha yake yote ni ugali na mchicha, hata kama ni mwembamba na analima. Watu wa namna hii wanakadiriwa kuwa mmoja kati ya 250 hadi 300. Mwenye tatizo hili, kila mtoto wake ana nafasi nusu kwa nusu ya kulirithi. Wala haina maana kwamba kati ya wanne wataathirika wawili: kila mimba ni bahati yake, wanaweza kuwa wote na anaweza asiwepo hata mmoja.

Lishe nzuri hushusha LDL kwa asilimia 10 hadi 15. Mwenye 3.8 mmol/L (kizio cha maabara cha kupimia lehemu katika damu) huenda ikamfaa sana. Mwenye jeni hii aliye na 7 atafika 6, na 6 bado inaziba mishipa ya moyo. Hapa ndipo ninapoumia kila nisikiapo mgonjwa ameambiwa aache nyama, anywe maji ya limau na vitunguu saumu, arudi baada ya mwaka.

Dalili moja unaweza kuitafuta kwa mkono. Shika ile kano nene ya nyuma ya kisigino kati ya kidole gumba na cha shahada, uitembeze kutoka juu kwenda chini. Kano ya kawaida ni bapa, kingo zake unazihisi. Iliyojaa lehemu ni nene, ina vinundu vigumu visivyouma, na mguu ukikunjwa vinasogea pamoja na kano yenyewe. Pitisha kidole pia juu ya kano za mgongo wa kiganja, ngumi ikiwa imefungwa. Duara jeupe kuzunguka sehemu nyeusi ya jicho ni dalili kwa aliye chini ya miaka 45. Kwa mzee wa 70 si hoja. Lakini wengi hawana hata moja ya hizi, kwa hiyo asiyekuwa na vinundu asijione amepona kabla ya kipimo.

Kipimo chenyewe ni cha mafuta katika damu, na omba karatasi yenye LDL peke yake, si jumla ya lehemu tu. Kwa mtu mzima asiyetumia dawa, LDL ya 4.9 mmol/L au zaidi (maabara nyingine huandika 190 mg/dL) inatosha kumfanya daktari afikirie jeni. Kwa mtoto ambaye mzazi wake ana tatizo hili au alipata moyo mapema, shaka huanzia 4.0. Mapema maana yake ni kabla ya miaka 55 kwa mwanamume na 60 kwa mwanamke.

Kipimo hupotosha kwa njia kadhaa. Mtu aliyepatwa na shambulio la moyo, LDL yake hushuka kuanzia siku ya pili na huweza kukaa chini kwa wiki kadhaa, ndipo familia inaambiwa "kolestro yake ilikuwa nzuri". Malaria kali au homa nyingine nzito hufanya vivyo hivyo. Ujauzito huipandisha, na tezi ya shingo ikizembea huipandisha pia, sawa na ugonjwa wa figo unaovujisha protini kwenye mkojo. Kwa hiyo kabla ya kulaumu ukoo, tezi na mkojo vipimwe.

Ikithibitika, dawa ni statini, vidonge vya kushusha LDL. Kundi hili limo katika orodha ya dawa muhimu ya Shirika la Afya Duniani tangu 2007. Mojawapo, atorvastatin ya miligramu 40, hushusha LDL karibu nusu, na kila inaposhuka kwa 1 mmol/L, matukio makubwa ya moyo na kiharusi hupungua kwa takriban asilimia 22. Kosa kubwa ni mgonjwa kuacha vidonge baada ya miezi mitatu kwa kuwa namba imekuwa nzuri. Imekuwa nzuri kwa sababu anameza. Akiacha, inarudi pale pale ndani ya wiki chache. Mwanamke anayetaka kushika mimba aongee na daktari kabla, maana kwa kawaida dawa husimamishwa. Misuli ikiuma isivyo kawaida na mkojo ukawa wa rangi ya chai ya rangi, aende hospitali siku hiyo hiyo.

Kwa nini nasisitiza watoto? Kwa sababu ya jambo lililoonekana kwa watu wenye asili ya Afrika. Mwaka 2006 watafiti wa Marekani walionyesha kwamba asilimia 2.6 ya Wamarekani weusi waliowafuatilia kwa miaka 15 walikuwa na hitilafu katika jeni iitwayo PCSK9, ambayo kazi yake ni kuvunja vipokezi vya ini. Jeni hiyo ikilala, vipokezi huwa vingi. LDL yao ilikuwa chini kwa asilimia 28 tu, lakini ugonjwa wa moyo ulikuwa chini kwa asilimia 88. Zimbabwe nako akapatikana msichana wa miaka 21 aliyerithi hitilafu hiyo kwa wazazi wote wawili: LDL yake ilikuwa 0.4, naye ni mzima wa afya. Tofauti hiyo kubwa inatokana na muda. LDL iliyo chini tangu kuzaliwa haipati miaka ya kujenga utando kwenye mishipa, na iliyo juu tangu kuzaliwa inaipata yote. Ndiyo maana mtoto wa familia hizi hupimwa kati ya miaka 5 na 10, na dawa huweza kuanza akiwa na miaka 8 hadi 10.

Ombi langu kwa hospitali zetu ni karatasi moja. Mgonjwa wa shambulio la moyo aliye chini ya miaka 55, au 60 kwa mwanamke, awe ameruhusiwa au amefariki, familia isiondoke mikono mitupu. Karatasi iandikwe LDL yake na tarehe iliyopimwa, na chini yake orodha ya wanaopaswa kupimwa: wazazi walio hai, ndugu wa tumbo moja na wa baba mmoja, na watoto wote kuanzia miaka 5. Akabidhiwe yule mwanafamilia anayesimamia shughuli, kwa sababu ndiye atakayewaona wote kabla hawajatawanyika.

Mtaalamu wa lishe ya tiba,
Tanga