Magazeti ya Kiswahili yaziandike herufi ũ na ĩ

Kwako Mhariri,

Naomba nafasi nizungumzie herufi mbili ambazo magazeti yetu ya Kiswahili yamezoea kuziacha: ũ na ĩ. Mwandishi wa Kenya Ngũgĩ wa Thiong'o alipofariki mwezi Mei 2025, magazeti mengi yalimwandika "Ngugi wa Thiong'o". Ritifaa (alama ya ') ya Thiong'o ilitunzwa, kwa kuwa kila mhariri wa Kiswahili anajua kwamba ng na ng' ni sauti mbili, na kwamba kung'oa hakuhusiani na ngoa. Viwimbi viwili vya Ngũgĩ, yaani alama zenye umbo la wimbi juu ya u na i, vilivyomo katika jina la mtu yuleyule, vilifutwa.

Kikuyu kina irabu saba: a, e, i, ĩ, o, u na ũ. Ndugu zake Kikamba, Kimeru na Kiembu pia huandikwa kwa ĩ na ũ. Herufi ĩ hutamkwa karibu na e ya Kiswahili, na ũ karibu na o, ilhali e na o za Kikuyu hutamkwa kinywa kikiwa wazi zaidi. Sikio la mgeni lilisikia hivyo tangu zamani, ila mkono ukayumba: mji ambao Wakuyu huuita Nyĩrĩ uliandikwa Nyeri, na Kĩrĩnyaga ikaandikwa Kirinyaga, irabu ileile ikawa e mahali pamoja na i mahali pengine. Kiwimbi kikiondolewa, hata maana huchanganyika. Gũkĩra ni kupita au kuzidi, na gũkira ni kunyamaza; bila alama yote mawili huwa "gukira", na msomaji abaki akikisia.

Wapo wanaosema kwamba alama hizi ni mabaki ya wamishonari na kwamba lugha inaweza kuishi bila hayo. Ni kweli kwamba wamishonari ndio walioanza kukiandika Kikuyu kwa herufi za Kilatini, lakini hoja hiyo haifiki mbali. Kivietinamu nacho kilipewa maandishi ya Kilatini na mapadri wa Kijesuiti katika karne ya 17, na kamusi ya Alexandre de Rhodes ikachapishwa Roma mwaka 1651. Hadi leo Wavietinamu wanaendelea kuandika kwa alama. Kwao kiwimbi juu ya u hakibadilishi irabu kama kwa Wakuyu, bali huonyesha toni, yaani kupanda na kushuka kwa sauti: mũ ni kofia, na mù, yenye alama nyingine, ni kipofu. Nchini Paraguay, ambako katiba ya mwaka 1992 ilikifanya Kiguarani kuwa lugha rasmi pamoja na Kihispania, ũ ni u inayotamkwa puani, kama katika neno hũ, yaani nyeusi. Huko Greenland, hadi tahajia ilipobadilishwa mwaka 1973, ũ ilionyesha irabu ndefu inayofuatwa na konsonanti maradufu. Wareno wa zamani waliandika hũa pale ambapo leo wanaandika uma, kwa kuwa waandishi wa enzi za kati walikuwa na desturi ya kuifupisha n au m kwa kuchora mstari mdogo juu ya irabu. Umbo ni moja, na kila lugha imelipa kazi yake. Kwa sababu hiyo hakuna anayeweza kuamua kwa niaba ya wengine kwamba umbo hilo halina kazi.

Kisingizio cha mitambo kilikuwa na uzito enzi za taipureta. Tangu miaka ya mwanzo ya 1990 herufi hizi zimo katika Unicode, mfumo ambao kompyuta na simu zetu zote huutumia. Mwandishi anayetumia Word kwenye Windows anaweza kuandika 0169, kisha abonyeze Alt pamoja na X, na tarakimu hizo zitageuka kuwa ũ. Kwa ĩ ataandika 0129. Tatizo linalobaki ni la fonti: fonti isiyo na herufi hizi huchapisha kisanduku kitupu, au huchomeka herufi ya fonti nyingine isiyolingana na jirani zake, na msanifu kurasa mwenye haraka huona ni heri kufuta alama. Anayepaswa kuchagua fonti iliyokamilika ni gazeti, wala jina la mtu halipaswi kukatwa ili litoshee fonti.

Siombi kila jina la Kikuyu au Kikamba libandikwe viwimbi. Wako wengi wasioviandika, na hiyo ni haki yao. Marehemu Profesa Wangari Maathai alichapisha vitabu vyake kwa jina lisilo na alama, na aendelee kuandikwa hivyo. Ninachoomba ni kwamba ripota amuulize anayemhoji jinsi anavyoandika jina lake, kama anavyomuuliza umri na makao yake, na kwamba mhariri msanifu asiifute alama aliyoikuta. Ngũgĩ aliacha kuandika riwaya kwa Kiingereza akaziandika kwa Kikuyu, akianzia gerezani Kamĩtĩ mwaka 1978 kwa karatasi za msalani, na jina lake aliliandika kwa viwimbi. Kwa kuwa gazeti lako litaendelea kumtaja, naomba mwongozo wenu wa uhariri uanze na jina hilo.

Wako mwaminifu,
Msomaji wa Nyeri