Barua ya wazi kwa Waziri wa Nyumba: modeli zipimwe kwa bili za wapangaji

Mheshimiwa Waziri,

Pole na majukumu. Nakuandikia kuhusu modeli za kompyuta, zinazokadiria nishati ambayo nyumba itatumia, ambazo washauri huleta mezani kwako kabla hujaidhinisha ukarabati wa nyumba za gharama nafuu. Sina ugomvi nazo. Programu kama EnergyPlus, inayogharamiwa na Wizara ya Nishati ya Marekani na kutolewa bure, hukokotoa joto linaloingia na kutoka saa baada ya saa kwa mwaka mzima. Ubovu wa paa ukigunduliwa huko ni nafuu kuliko kugunduliwa baada ya fundi kukusanya vifaa vyake na kuondoka. Ombi langu ni moja: usisaini modeli ambayo haijalinganishwa na bili za watu wanaoishi humo.

Miaka ya 1970 watafiti wa Chuo Kikuu cha Princeton walichunguza nyumba za Twin Rivers, New Jersey. Ramani ilikuwa moja, lakini zilikuwapo kaya zilizotumia gesi mara mbili ya majirani zao. Wakaaji walipohama, matumizi ya wageni yalikwenda njia yake.

Kwa wenye kipato kidogo jambo hili huuma zaidi. Modeli hudhani nyumba nzima inapashwa joto, tuseme hadi nyuzi 21. Mpangaji anayehesabu senti hafanyi hivyo. Huwasha hita katika chumba wanacholala watoto, saa mbili hivi, kisha huzima. Sebuleni wanakaa na makoti. Ukarabati ukikamilika, uniti zilizoahidiwa kuokolewa hazionekani, kwa sababu hazikuwahi kutumika. Mwaka 2012 Minna Sunikka-Blank na Ray Galvin walionyesha kuwa katika nyumba za Ujerumani nishati halisi ya kupasha joto ilikuwa chini ya makadirio kwa asilimia 30 hivi kwa wastani.

Hapo mkaguzi ataandika kuwa mradi umefeli. Umefelije, ikiwa watoto sasa wanalala bila kutetemeka? Nafuu hiyo nayo ihesabiwe. Viwekwe vipimajoto na vipimaunyevu vyumbani kabla ya kazi kuanza, vibaki hadi baada ya kazi kwisha. Kwenye joto kali ni vivyo hivyo: asiyemudu kiyoyozi haonekani kwenye mita, ila dari inamchoma.

Kipimo cha modeli kipo tayari. Mwongozo namba 14 wa ASHRAE, chama cha wahandisi wa kupasha joto na kupoza majengo chenye makao Marekani, unataka modeli inayolinganishwa na bili za kila mwezi isikosee jumla kwa zaidi ya asilimia 5, na tofauti kati ya makadirio na bili za kila mwezi zisizidi asilimia 15 ya wastani. Kipimo hicho kiandikwe kwenye mkataba, na sehemu ya malipo ya mshauri isubiri bili za mwaka wa kwanza. Atalalamika, mwache alalamike.

Lakini bili ni mali ya mpangaji. Mita inayosoma kila nusu saa inaweza kumwambia mtu baki ni lini nyumba imebaki tupu, kwa hiyo ridhaa iombwe kwa maandishi, majina yafutwe, na takwimu zitolewe kwa jengo zima, si kwa mlango mmoja mmoja.

Mshauri atakapokuja na majedwali yake, tafadhali anza na hili: bili ulizotumia ni za akina nani, na za miezi mingapi?

Wako mtiifu,
Mpangaji