Glavu jozi 23

Arua, Jumapili jioni

Rehema shoga yangu,

Salaam nyingi. Sisi wazima, ila umeme umekatika tangu juzi, naandika mbiombio kabla simu haijazima. Mama anauliza kama huko Ujerumani umeshapata pa kununulia simsim.

Nina jambo la kazi. Wiki iliyopita mzee mmoja wa Yumbe alikuja dirishani kwangu, pale hospitalini tunapopokea malipo, kumlipia binti yake aliyejifungua kwa upasuaji. Nikamchapia bili, kurasa tatu. Akavaa miwani, akapitisha kidole mstari kwa mstari: pamba, uzi, dripu, mpaka akafika kwenye glavu. Jozi 23. Akaniuliza kwa upole kabisa, “Mwanangu, mlimpasua mtu mmoja au kijiji kizima?” Nikakosa jibu. Makadirio aliyopewa siku ya kulazwa yalikuwa karibu nusu ya bili ile, na mbuzi alikuwa ameshawauza.

Sasa bosi anataka kila tatizo liwe na bei moja, liende vizuri au vibaya, na mimi ndiye wa kuandika wenzetu wanavyofanya. Basi usiku nasoma.

Kumbe wazo lilianzia Chuo Kikuu cha Yale, kwa Fetter na Thompson, waliokuwa wakitafuta namna ya kulinganisha kazi za hospitali. Mwaka 1983 serikali ya Marekani ikaligeuza kuwa bei kwa wazee wa Medicare, bima yao ya serikali. Mgonjwa akipona upesi, salio ni la hospitali. Akikawia, hasara nayo ni ya hospitali. Unakisia kilichofuata: siku za kulazwa zikapungua, na wengine wakarudishwa nyumbani hawajakaa sawa.

Ninyi Wajerumani (ndiyo, nakuhesabu humo) mliazima mfumo wa Australia, ukawa lazima mwaka 2004. Kule mtoto njiti hulipiwa kwa uzito, na mipaka iko, mmojawapo gramu 1,500. Watafiti walipochungulia rekodi wakakuta watoto wengi ajabu wameandikwa uzito wa chini kidogo ya mipaka, penye malipo makubwa. Nilicheka, halafu nikakumbuka glavu zetu nikanyamaza. Mwaka 2020 gharama za wauguzi wa wodini zikatolewa kwenye bei hiyo, maana hospitali zilikuwa zikibana wauguzi. Hilo wewe muuguzi, mgongo wako unalijua kuliko mimi.

Ghana walianza 2008. Bei wanazo, kero yao ni hela za bima kuchelewa kufika. Walionivutia ni Thailand: fungu la wagonjwa wa kulazwa lina kikomo, kila ugonjwa una alama zake, na madai yakizidi thamani ya alama inashuka. Ujanja wa mmoja unawakata wote, lakini fungu halipasuki.

Ila kote huko anayelipa ni bima au serikali, na ana watu wa kuhoji madai. Hapa Uganda hospitali za serikali zilifuta ada 2001, isipokuwa wodi za kulipia. Muswada wa bima ya afya ulipita Bungeni 2021, Rais hakuutia saini. Kwetu sisi wa kulipisha, mkaguzi ni yule mzee na miwani yake. Bei moja ingemwondolea kurasa tatu, na hilo tu linanitosha kuiunga mkono. Ninachoogopa ni siku ya tatu, mama ana kidonda kibichi anaambiwa afungashe kwa kuwa kitanda kimeshakula bei yake. Nitaandika kwamba akirudi na usaha ndani ya wiki mbili asilipe tena hata shilingi. Bosi atakunja uso, najua.

Nijibu kabla ya Alhamisi, ndiyo siku ya kikao: wodini kwenu, anayeamua mgonjwa aende nyumbani ni daktari kweli, au kuna mtu wa hesabu anayemkumbusha siku zimekwisha?

Simsim kilo mbili zimeshafungwa. Tunamsubiri msafiri.

Wako,
Zamu