Hayakuwa Meno

Shoga yangu,

Salamu nyingi. Huku hatujambo sasa, na hilo neno "sasa" usilipite haraka.

Wifi yako ameniambia hushiki simu zangu kwa ajili ya lile neno la meno. Basi nakuandikia, maana barua huwezi kuikata. Ni kweli ulisema kuharisha kule kwa mwanangu ni meno tu yanaota. Mama naye alisema hivyo hivyo. Jirani, ambaye hata hakuulizwa, alisema. Na mimi niliyepewa karatasi hospitalini, imeandikwa wazi kwamba mtoto akitapika au kuharisha aletwe siku hiyo hiyo, nilikaa na karatasi yangu siku mbili nikisubiri jino.

Acha nikusimulie mwenyewe, maana wifi lazima ameongeza chumvi. Unakumbuka kibomba alichowekewa kwa ajili ya moyo wake akiwa na wiki mbili, wanachokiita shanti? Ile shanti upana wake ni milimita 3.5 tu. Inachota damu kwenye mshipa unaokwenda mkononi na kuipeleka mapafuni, kwa kuwa njia yake ya kuzaliwa nayo imeziba. Mtoto akiishiwa maji, damu inakuwa nzito, na kwenye kitundu kama kile damu nzito hugandia humo humo. Siku ya tatu alfajiri midomo yake ilikuwa zambarau, si ule ubuluu wa kila siku tuliouzoea. Kipimo cha oksijeni cha kidoleni, ambacho kwake kikisoma 80 tunashangilia, kilisoma 52.

Daktari akaweka stetoskopu kifuani, akasikiliza, akaihamisha, akasikiliza tena. Kimya. Watu wanajua moyo wenye kelele ndio mbovu. Kwa huyu wetu kelele ndiyo uhai: ule mvumo ni damu inayopita kwenye shanti. Ukinyamaza, pameziba. Niliutazama uso wa yule daktari nikajua kabla hajasema.

Wakamtundikia dripu, oksijeni, heparini ya kuzuia damu isizidi kuganda, na dawa ya kupandisha presha ili damu isukumwe kwa nguvu. Ekho, ile picha ya moyo kwa mawimbi ya sauti, ikathibitisha pameziba. Nilidhani watampasua tena palepale kwenye kovu. Kumbe wanaingilia pajani! Tundu dogo tu, halafu mpira mwembamba unapandishwa ndani ya mshipa mpaka kifuani, huku wakiufuata kwa eksirei. Wakamwaga rangi, ikaishia njiani. Wakapenyeza waya katikati ya donge, kisha kiputo juu ya ule waya, wakakijaza kikatanua njia. Bado palikuwa pembamba, wakaacha humo stenti, kijibomba cha wavu cha kushikilia njia isifunge. Dawa ya kuyeyusha donge walikuwa nayo, ila inaweza kumtoa mtoto damu mahali pengine, wakaiweka akiba. Mpasuaji naye alikuwa tayari, endapo ingeshindikana. Hayo yote niliambiwa baadaye. Wakati ule nilikuwa nahesabu vigae vya sakafu.

Muuguzi akatoka, hakusema chochote, akanivisha stetoskopu masikioni. Shoga, mvumo ulikuwepo! Shii, shii, kama pasi juu ya nguo iliyoloa.

Sitakudanganya. Usiku ule nilikuchukia. Kama nusu saa hivi. Kisha nikamchukia mama, kisha nikajichukia mimi, na hapo ndipo nilipokaa sana. Sasa nimechoka, sina nguvu ya kukutunzia kinyongo, na wewe usinipe kazi ya kukubembeleza. Sote tulisema meno. (Jino lenyewe hadi leo halijatoka.)

Anakunywa aspirini kila siku, yaani nusu anakunywa, nusu inaishia kwenye blauzi yangu. Operesheni ya pili haiko mbali. Humo watauunga mshipa mkubwa unaoteremsha damu kutoka kichwani moja kwa moja na ule wa mapafu, na hicho kibomba kitaondolewa. Nacho nimeshakizoea, unaona ujinga wangu?

Je, utakuja kukaa nami siku hiyo? Unalala kweli, au ndiyo yale yako ya kuzunguka nyumba usiku? Kwa nini ulimwambia wifi na si mimi? Kanga yangu bado unayo? Nikikupigia kesho jioni utapokea? Usiseme kitu, ninyamazie tu. Nitaweka simu kifuani kwake usikilize.

Wako,
Mama Kichwa Kikubwa (wewe ndiye uliyempa jina hilo, sijasahau)